Matembezi ya usiku ya visa vya kutisha wakati wa Krismasi: je, Bagamoyo tufuate mfano wa York?

KijanaWaDunda ameuliza:

Asalaam aleikum, na wasio Waislamu nawasalimu kwa heshima ileile. Mimi ni mwongoza watalii hapa Bagamoyo, na nina jambo ambalo ningeomba wenye ujuzi wanisaidie kulipima kabla Desemba haijafika.

Kila mwisho wa mwaka mji wetu hupokea wageni wengi kuliko kawaida, wakiwemo familia zinazotoka Dar es Salaam kuja kupumzika na wageni wa ng'ambo wanaotaka kula Krismasi yao ufukweni. Mchana tunawazungusha Ngome Kongwe, Caravanserai (kituo cha zamani cha misafara), Boma la Wajerumani na misheni, lakini jua likishatua kila mmoja hurudi hotelini kwake na sisi waongozaji tunafunga kazi. Mwingereza mmoja niliyemtembeza alinieleza kwamba katika mji wa York mambo ni kinyume: msimu wa Krismasi watu hulipa ili watembezwe gizani na mtu aliyevaa joho jeusi, wakisimuliwa habari za mizuka na za watu walionyongwa, tena wengine huja na watoto wao.

Maelezo yake hayajaniondoka kichwani, kwa sababu ukipita Mtaa wa India usiku, milango ya nakshi ikiwa imefungwa na taa zikiwa za kuhesabu, unaona wazi kwamba tunayo mahali pa kusimulia. Ninalotaka kujua ni namna wenzetu wanavyoyaendesha matembezi hayo na kwa nini wakachagua Krismasi, sikukuu ambayo mimi niliidhani ni ya furaha tupu. Zaidi ya hapo, nataka kujua kama jambo hili linafaa katika mji wenye Waislamu wengi, na ambamo watu walipitishwa wakiwa na minyororo shingoni. Sitaki kuanzisha kitu ambacho wazee wangu watakionea haya.

BintiMagomeni amejibu:

Wa aleikum salaam, kaka yangu. Nimezaliwa Bagamoyo na kwa sasa niko York kwa masomo, kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona, na mahali nisipokubaliana na wenyeji wangu nitasema.

Nianze na Krismasi, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunaposhangaa. Desemba huku jua huzama kiasi cha saa tisa na dakika arobaini alasiri, wakati ambapo huko nyumbani watu ndio kwanza wanajiandaa kwa swala ya alasiri. Usiku ni mrefu mno, baridi ni kali, na tangu zamani watu walikaa kuuzunguka moto wakisimuliana habari za wafu mpaka usingizi uwachukue. Mwandishi Charles Dickens hakuianzisha desturi hiyo, ila aliipa nguvu mpya: kisa chake cha bahili anayetembelewa na mizuka usiku wa kuamkia Krismasi kilitoka tarehe 19 Desemba 1843, na baada yake magazeti mengi ya Uingereza yakawa yanachapa visa vya mizuka katika matoleo ya Krismasi. Ndiyo maana Mwingereza haoni ajabu kula mlo wa sikukuu mchana na kusikiliza habari ya maiti usiku. Kwao mwisho wa mwaka ni wakati wa kuwakumbuka waliotangulia, na hofu kidogo inaambatana na ukumbusho huo.

Sasa York yenyewe. Mji huu uliasisiwa na Warumi mwaka 71, wakaja Waviking wakauteka mwaka 866, na kuta zake za kale bado zimesimama kwa zaidi ya kilomita tatu. Matembezi ya mizuka yalianza hapa mwaka 1973, na siku hizi yako ya vikundi mbalimbali vinavyoshindana. Watu hukutana jioni mahali panapojulikana, mwongozaji anafika na kofia ndefu nyeusi na pengine taa ya mkononi, kisha kundi linatembea taratibu na kusimama mbele ya majengo kadhaa. Hakuna sinema wala muziki. Sauti ya mtu mmoja, kuta za mawe na baridi vinatosha.

Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha nyumba iitwayo Treasurer's House, karibu na kanisa kuu. Mwaka 1953 kijana aliyekuwa akijifunza ufundi, Harry Martindale, alikuwa juu ya ngazi katika chumba cha chini ya ardhi akiweka mabomba ya kupashia nyumba joto. Alisikia tarumbeta ikikaribia, kisha askari wa Kirumi wakatokeza ukutani mmoja baada ya mwingine, wamechoka na wamechafuka, naye akaanguka kutoka kwenye ngazi. Ninayoyapenda mimi ni magoti. Alisema kwamba askari wale walionekana kuanzia magotini kwenda juu tu, mpaka walipofika penye sehemu iliyochimbwa, ambapo barabara ya Kirumi ilikuwa imefunuliwa; hapo ndipo miguu yao ilipoonekana, kwa maana walikuwa wakitembea juu ya barabara yao na si juu ya sakafu ya leo. Alikaa kimya miaka mingi, akawa askari polisi, na habari yake haikuenea hadi miaka ya 1970. Mwongozaji akikufikisha hapo kwenye miguu, hata asiyeamini mizuka hunyamaza, kwa sababu kisa kimefungamana na kitu unachoweza kukipima kwa rula.

Kwa msimu wenyewe wa Krismasi kuna lango la mji liitwalo Micklegate Bar. Richard, mwenye cheo cha Duke wa York, aliyedai kiti cha ufalme, aliuawa vitani tarehe 30 Desemba 1460, siku chache tu baada ya Krismasi, na kichwa chake kikatundikwa juu ya lango hilo kikiwa kimevishwa taji la karatasi kwa dhihaka. Unasimama chini ya lango lilelile, tarehe zilezile, na hakuna haja ya kuongeza mzuka wowote.

Hapo ndipo ulipo ushauri wangu. Waongozaji wanaoshika watu ni wale wanaotaja mwaka, mahali na jina, kisha wakaacha ukuta umalizie. Wengine huweka mwenzao nyuma ya mlango arukie watu kwa mayowe, watoto wanalia, watu wazima wanacheka, na baada ya hapo hakuna anayesikiliza tena.

Kuhusu swali lako la utumwa, York nayo ina mahali pa namna hiyo. Juu ya kilima kidogo kuna mnara uitwao Clifford's Tower. Mwezi Machi mwaka 1190 Wayahudi wa mji huu, wanaokadiriwa kuwa 150, walikimbilia katika ngome ya mbao iliyokuwa pale wakati umati ulipowavamia, na wengi wao wakachagua kujiua kuliko kuangukia mikononi mwa wauaji. Waliotoka wakiahidiwa usalama waliuawa. Mwongozaji niliyemheshimu kuliko wote alitufikisha chini ya kilima, akavua kofia, akaeleza yaliyotokea bila kubadilisha sauti yake iwe ya kutisha, na hakutaja mzuka hata mmoja. Nadhani Caravanserai inastahili kutendewa vivyo hivyo.

MstaafuMamboYaKale amejibu:

Mwanangu, swali lako ni zuri na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kutenda. Nimefanya kazi katika magofu ya mwambao kwa muda mrefu, na kinachoniuma ni kuona vijana wetu wakiazima visa vya watu wengine ilhali Desemba ya Bagamoyo ina yake, yenye tarehe na mashahidi.

Chukua tarehe 4 Desemba 1889. Siku hiyo msafara wa Henry Morton Stanley uliingia Bagamoyo ukitoka bara, ukiwa na Emin Pasha, yule Mjerumani aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan na ambaye dunia nzima ilikuwa imemtafuta. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, na maofisa wake wakawaandalia karamu usiku katika jengo la ghorofa, na nje watu waliotembea miezi mingi walikuwa wakisherehekea kufika baharini. Emin alikuwa na macho mabovu. Katikati ya karamu aliinuka, akaenda kwenye dirisha la chini ambalo inaelekea alilidhani ni mlango wa roshani, akapitiliza na kuanguka barabarani. Aliokotwa akiwa amepasuka fuvu, akalazwa hapahapa Bagamoyo, na Stanley akaondoka bila mtu aliyekwenda kumwokoa. Alipona, akarudi bara kwa utumishi wa Wajerumani, na mwaka 1892 akauawa huko Kongo. Hebu msimulie mgeni kisa hicho usiku, tarehe ileile, akiwa amesimama barabarani na kutazama madirisha ya ghorofani.

Ukimaliza, mweleze kwamba siku kumi na moja baada ya karamu ile, tarehe 15 Desemba 1889, Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani na Wajerumani haohao. Mwaka uliotangulia Abushiri alikuwa ameutikisa mji huu, na boma lake lilikuwa karibu na hapa mpaka Wissmann alipolishambulia tarehe 8 Mei 1889. Wageni wengi humaliza ziara wakijua majina ya wazungu peke yao, na hilo ni jambo ambalo wewe mwenyewe unaweza kulirekebisha. Mahali palipo na mnara mdogo wa kuwakumbuka walionyongwa Bagamoyo, simama, sema ni kina nani waliofia pale na kwa amri ya nani, kisha endelea na safari.

Lakini kama ungeniruhusu kuchagua kisa kimoja cha kufungia matembezi, ningechagua cha mnara wa kanisa la kwanza la misheni. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliutoa moyo wake wakauzika chini ya mti, wakautia mwili chumvi na kuukausha juani, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, kisha wakaubeba begani zaidi ya kilomita 1,500. Watu wengi njiani hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Walipokwisha kupita Unyanyembe, eneo la Tabora, walizuiwa kwa sababu hiyo, wakajifanya wanairudisha maiti ikazikwe, na kumbe mwili ule walikuwa wameufunga upya mfano wa robota la vitambaa, wakapita nalo mbele ya macho ya watu kama mzigo wa biashara. Waliingia Bagamoyo Februari 1874, mwili ukalazwa katika mnara ule kabla ya kuvushwa Zanzibar, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey. Susi na Chuma, waliofanya kazi yote ile, walilipwa ujira wao pwani wakaachwa, na hawakuwepo mazikoni. Aliyefuatana na mwili alikuwa mwenzao Jacob Wainwright. Mimi husisimkwa na mwili kila ninapofika kwenye robota lile, na sihitaji mzuka.

Jambo moja zaidi. Kuna visa vinavyopendwa sana na waongozaji, kama handaki la chini kwa chini linalosemwa kuwa lilitoka Ngome Kongwe hadi pwani, au mnyororo ulio katika mbuyu wa misheni, ambao inasimuliwa kwamba bibi mmoja wa Kifaransa alimfungia punda wake na mti ukaumeza. Visimulie, lakini sema "inasimuliwa". Mgeni akijua kwamba unatofautisha masimulizi na historia, atakuamini unapomwambia jambo zito.

BiMkubwaWaMwambao amejibu:

Mjukuu wangu, mimi si msomi kama huyo mzee, lakini nimezeekea Bagamoyo na nina haki ya kusema.

Kwetu usiku una adabu zake. Tulilelewa tukiambiwa tusipige miluzi gizani, tusisimame chini ya mbuyu baada ya magharibi, na tusimtume mtoto dukani usiku kununua sindano. Majini kwetu si mchezo wa jukwaani. Wako wenye kuwaogopa kwa dhati na wako walioumwa wakaamini kwamba chanzo ni hao. Ukimleta mgeni mtaani kwetu usiku ukatangaza kwa sauti kubwa kwamba nyumba fulani ina jini, umemharibia jirani yako jina la nyumba yake, na huyo jirani hatapata mpangaji. Kwa hiyo nyumba wanazokaa watu ziache. Simulia majengo yaliyo wazi kwa wageni, na hayo peke yake.

La pili ni makaburi. Usithubutu kuwapeleka Kaole usiku. Pale pana misikiti ya kale na makaburi ya wazee wetu, na lipo kaburi la sharifa ambalo watu bado huliendea kwa dua. Mchana wapeleke, wavue viatu panapopaswa, wasikilize. Usiku waache wafu wapumzike. Vivyo hivyo makaburi ya Wajerumani na ya mapadre. Nao walikuwa wana wa watu.

Lakini sikukatazi. Sisi wenyewe ngano zetu tulizisikiliza usiku, na ukizitaka mchana bibi alikuwa akikufukuza. Tulikaa barazani, taa ya chemli katikati, bibi akaita "Paukwa!" nasi tukaitikia "Pakawa!" Mwenye kusimulia alimtisha mtoto kwa zimwi mpaka akamkimbilia mamaye, na hakuna aliyedhurika, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba hiyo ni ngano. Ngano ina mlango wake wa kuingilia na wa kutokea. Kama unataka kuwafurahisha watoto wa wageni, uache upande wa historia kwa watu wazima, kisha uwakalishe wote barazani mwishoni, wapewe kahawa chungu na kashata, nao wasikie zimwi letu likisimuliwa na mtu anayejua kulisimulia. Wako mabibi wengi wanaoweza, na itakuwa vyema walipwe kama wewe unavyolipwa.

Na uanze baada ya swala ya isha. Usipite na kundi mbele ya msikiti watu wakiwa wanaswali.

DerevaBajajiPwani amejibu:

Nawaunga mkono wote, nami niongeze la upande wa njia. Usiku baadhi ya vichochoro vya Mji Mkongwe vina mashimo na mawe yaliyotokeza, na mgeni anayetazama juu ya roshani hatazami miguu yake, kwa hiyo kila mtu awe na tochi hata kama haiwashi muda wote. Ukitaka kushuka ufukweni uangalie kwanza bamvua, maana maji yakijaa hupati pa kupita. Desemba mvua za vuli huweza kunyesha bila kubisha hodi. Mwenyekiti wa mtaa na polisi wajulishwe mapema, na bajaji mbili zisubiri mwisho wa njia, kwa kuwa misheni iko mbali kidogo na hoteli nyingi na wazee hawatapenda kurudi kwa miguu.

KijanaWaDunda amejibu:

Shikamoo mzee, shikamoo bibi. Dada BintiMagomeni na kaka dereva, nawashukuru sana. Mmenipa zaidi ya nilichouliza, na mpango wangu umebadilika kabisa.

Nimeamua joho na kofia ndefu viachwe York, ambako vina asili yake. Nitavaa kanzu na kubeba taa ya chemli. Nafikiri tukutane saa mbili na nusu usiku mbele ya Boma la Wajerumani, tuifuate barabara ya zamani tukiisimulia karamu ya Emin Pasha, tusimame kwa utulivu penye mnara wa walionyongwa, kisha tupande bajaji hadi misheni kwa kisa cha Susi na Chuma, na turudi mjini kumalizia barazani kwa ngano na kahawa. Caravanserai nitaipeleka mchana, katika ziara ya kawaida, ili ielezwe kwa urefu inaostahili na mtu apate nafasi ya kuuliza maswali. Kwa watoto wadogo nitaweka wazi tangu mwanzo kwamba sehemu yao ni ya barazani.

Ninalobaki nikijiuliza ni tarehe. Je, tarehe 24 Desemba ni siku nzuri, au nitakuwa nawaingilia Wakristo katika misa yao?

MstaafuMamboYaKale amejibu:

Marahaba, mwanangu. Tarehe 24 iache. Usiku huo misheni ina misa ya mkesha, waumini wanaingia na kutoka, na si vizuri kuwapitisha watalii wenye taa katikati ya watu wanaokwenda kusali. Anza tarehe 4 Desemba yenyewe, siku ya Emin Pasha, kisha uendelee Ijumaa na Jumamosi mpaka katikati ya mwezi, na urudie baada ya tarehe 26, wakati wageni wangali hapa na hawana la kufanya jioni.

Eneo la misheni lina wenyewe, kwa hiyo kabla hujatangaza chochote nenda kawaone mapadre na ulete jibu lao kwa maandishi. Wakikataa usiku, kisa cha mnara kisimulieni barazani. Ngome na Boma nazo zina ofisi inayozisimamia, na kibali cha usiku si sawa na cha mchana. Ukishapata majibu yote mawili niandikie faraghani, tuipite njia nzima pamoja siku moja baada ya alasiri, nikuoneshe mahali pa kusimama ili kundi lisiizibe barabara.

BiMkubwaWaMwambao amejibu:

Nami nitakutafutia bibi wa kusimulia. Yuko mmoja hapa mtaani kwetu ambaye sauti yake ya zimwi huwanyamazisha hata watu wazima, ila anataka aambiwe mapema ni watu wangapi, kwa sababu kashata atazipika mwenyewe.